Unga wa self-raising sipati, nichanganye vipi wa kwangu?

Mpishi wa Uyole: Wadau, salaam. Mapishi yangu ya keki yanataka unga wa self-raising (uliochanganywa beking pauda tayari) gramu 250, siagi 250, sukari 250 na mayai manne. Huku Mbeya naona unga wa ngano wa kawaida tu. Niweke beking pauda kiasi gani? Magadi soda inaweza kushika nafasi yake? Na kwa nini keki inapanda vizuri halafu inazama katikati ikiwa bado ndani ya oveni?

Bi Mkate: Karibu, dada. Kwa unga gramu 250 weka beking pauda vijiko vya chai 3 na chumvi nusu kijiko cha chai. Tumia kijiko cha kupimia cha mililita 5, sawazisha kwa mgongo wa kisu, maana vijiko vya kukorogea chai vinapishana sana. Chekecha vyote pamoja mara tatu. Ukiruka hapo, beking pauda inabaki madongemadonge: upande mmoja keki ina matundu na uchungu, upande mwingine imelala.

Unga wetu mwingi ni mgumu, wa chapati na mkate. Ukitaka keki laini, toa vijiko vya chakula 3 vya unga, weka konflawa (wanga wa mahindi) kiasi hichohicho.

Kemia Jikoni: Magadi soda tupu, hapana. Soda hutoa gesi ya kutosha ikikutana na asidi. Beking pauda tayari ina soda, asidi kavu, na wanga wa kuzuia unyevu. Soda ikikosa asidi, keki inakuwa ya njano iliyokolea na ina ladha ya sabuni.

Asidi rahisi ni mtindi: robo kijiko cha chai cha soda kwa nusu kikombe cha mtindi, badala ya kijiko kimoja cha beking pauda. Sasa piga hesabu. Unga gramu 250 unahitaji soda robo tatu ya kijiko, yaani mtindi kikombe kimoja na nusu. Keki ya siagi haiwezi kubeba majimaji yote hayo. Njia hiyo waachie wapika pankeki, wewe tafuta beking pauda. Na magadi ya mawe ya kulainishia maharage usiyaguse kabisa kwenye keki.

Nyanda za Juu: Wadau, mbona hamjagusa kuzama? Mbeya iko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo, gesi inatanuka zaidi, keki inapanda kabla haijashikana, kisha inaanguka. Vijiko 3 vya Bi Mkate vinafaa Dar au Tanga. Huko anza na viwili na robo, punguza sukari vijiko vya chakula 2, ongeza maziwa vijiko vya chakula 2, na oka kwa nyuzi 190 badala ya 180. Usifungue oveni dakika 25 za mwanzo.

Kwa mtu wa Mbeya, kuchanganya mwenyewe ni bora kuliko paketi. Unga wa paketi umeshapimiwa, huwezi kuitoa beking pauda iliyomo.

Bi Mkate: Naunga mkono, kwa Mbeya fuata vipimo hivyo. Kabla ya kuoka jaribu pia beking pauda yenyewe: nusu kijiko cha chai ndani ya maji ya moto robo kikombe. Ikichemka povu kwa nguvu, nzima. Ikitoa vipovu viwili vitatu, tupa. Kopo lililoachwa wazi hunyonya unyevu na kupoteza nguvu, hasa Pwani.

Mpishi wa Uyole: Nashukuru sana. Unga niliochanganya ukibaki, naweza kusukumia chapati?

Kemia Jikoni: Usifanye hivyo. Chapati itakatika badala ya kuvutika, na tabaka hazitachambuka. Maandazi ya hamira nayo hayauhitaji, hamira inatosha. Changanya wa kutumia siku hiyohiyo tu.