Tupeane uzoefu: mabinti wanaojidunga unga (heroini) huku Mtwara na Lindi

Wadau habari za jioni. Huku kwetu ukisema teja watu wanawaza kijana wa kiume wa stendi tu, wakati mabinti wapo na wanajidunga ila wanafichwa ndani. Aliyepitia au mwenye ndugu atupe uzoefu, majina tuyaache na matusi hapana.

Dada wa Magomeni, Mtwara: Nilianza kuvuta na bwana'ngu, baadae akasema kuvuta ni kumaliza kete bure akanichoma yeye mwenyewe mkononi. Kujichoma sikujua kwa hiyo anaanza yeye mi namalizia na bomba la sindano lilelile lina damu yake, ningesema nini na hela yake, kete yake, chumba chake? Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikishakubana, mafua, mgongo, kuharisha, huwazi UKIMWI wala homa ya ini. Hedhi ikakata nikajua ni unga maana wenzangu wote ilikata, kumbe mimba, nimekuja kushtuka mtoto anacheza.

Kaka wa Lindi: Pole dada. Sisi mdogo wetu wa kike tulimpeleka Dar kwenye methadoni, dawa ya kunywa anayopewa teja badala ya unga, Muhimbili walianza 2011, unakunywa kila siku mbele ya nesi. Ilimsaidia kweli, ila foleni karibu yote wanaume na wengine ndo walewale waliokuwa wanamuuzia. Mama alivyofariki hakuja kuzika, angekosa dozi. Ndugu walimsema sana, iliniuma.

Muuguzi: Hilo la hedhi mabinti lishikeni, unga unaivuruga lakini mimba inaingia vilevile. Na mjamzito msimfungie chumbani aache ghafla, arosto inaweza kutoa mimba au kuleta uchungu kabla ya siku, methadoni anapewa hata mjamzito. Mtoto akizaliwa na arosto inatibika, ndo maana leba useme ukweli.

Dada wa Magomeni, Mtwara: Nilisema ukweli dada, nesi akaita wenzake waje wanione. Mtoto mzima namshukuru Mungu, yuko kwa bibi yake Mikindani, ila mimi hospitali sijarudi tena hata kupima. Nikipata wa kunisindikiza bila kunitangaza naenda hata kesho.

Muuguzi: Pole mdogo wangu, hawakukutendea haki. Njoo inbox, asubuhi nakupitia mwenyewe tunaenda wote.