Umeme ukirudi usiku, mtoto naye anaamka

MamaFuraha (Bukavu)
Wazazi wenzangu, nisaidieni. Kwetu Kadutu wiki hizi umeme unakuja saa sita za usiku, alfajiri unaondoka. Kijana wangu wa miaka 11 ameishika ratiba hiyo kuliko mimi. Friji ikianza kunguruma tu, anatoka kitandani, ananyata hadi sebuleni na kuwasha PlayStation, mashine ya michezo ya video aliyopewa na mjomba wake. Sauti anaizima kabisa. Juzi nimeona mwanga chini ya mlango, saa tisa! Nikamkuta amejifunika kitenge changu kichwani, maneti (kile kidude cha vitufe cha kuchezea) mkononi.

Darasani anasinzia, mwalimu ameniandikia. Baba yake anasema tuiuze. Nilikuwa nimeweka sheria ya kucheza kwa muda wa saa moja tu kila jioni, lakini jioni umeme hakuna, sasa sheria hiyo ni ya nini? Nikimkataza hapa, anakwenda kwenye chumba cha michezo wanakolipa kwa mechi, na huko simwoni.

Papa Junior (Lubumbashi)
Mimi niliiuza. Sasa anacheza kwenye simu yangu, na mega za intaneti zinaisha kabla ya saa sita mchana. Usiniombe ushauri.

Yaya Espe (Goma)
Pole, mama. Mimi ni muuguzi. Usikubali mtu akuambie mtoto ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, lakini kwa kawaida dalili ziwe zimedumu miezi 12: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia kila kitu, na unamharibia maisha lakini haachi. Wako anacheza kwa kuibia usiku kwa sababu umeme ni wa usiku. Linalonitia wasiwasi ni usingizi. Mtoto wa umri wake anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kwa siku.

KijanaWaBirere (Goma)
Jambo mama. Chumba kama hicho unachokiogopa ndiyo kazi yangu. Acha kuhesabu saa, hesabu mechi. Mtoto anaongoza 2-1 unamzimia, asilie kwa nini? Kwangu kipindi ni dakika 4, aliyefungwa anampisha mwenzake, basi. Mpe mechi 3 mwisho wa juma, umeme ukiwepo mchana. Mashine usiifiche, ataipata. Chomoa waya wa umeme, lala nao.

Na michezo ya bunduki, jalada likiandikwa 18, yaani ni ya wenye miaka 18 na zaidi, mimi wadogo siwapi. CD nyingi huku ni za kunakili, hata jalada hazina, kwa hiyo kaa naye utazame mwenyewe.

MamaFuraha
Waya uko chini ya mto wangu tangu Alhamisi. Usiku uleule umeme ulirudi saa saba, nikamsikia anasimama mlangoni: "Mama, umelala?" Nikanyamaza. Akarudi kitandani.

Jumamosi mchana tulibahatika kuwa na umeme. Mechi ya tatu kafungwa 4-0 na dada yake Furaha, ambaye hajawahi kugusa maneti. Sasa kijana anadai maneti yake ni mbovu.