Timu bingwa ya kikapu chuoni Marekani: kocha aanzie wapi?

Mtazamaji_wa_Kinondoni

Habari za jioni wanajamvi. Nilianza kufuatilia mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani mwaka 2006, kijana wetu Hasheem Thabeet alipojiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, na tangu hapo kila ifikapo Machi, mwezi wa mashindano ya ubingwa wa vyuo, usingizi wangu huwa wa mang'amung'amu, kwa sababu mechi kubwa huchezwa usiku wa manane na alfajiri kwa saa za kwetu. Kuna jambo linanitatiza. Mwaka 2025 timu ya Chuo Kikuu cha Duke ilikuwa na vijana watatu wa mwaka wa kwanza, Cooper Flagg, Kon Knueppel na Khaman Maluach, ambao miezi michache baadaye walichaguliwa na timu za NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, wakiwa wa kwanza, wa nne na wa kumi. Pamoja na hayo, Chuo Kikuu cha Houston kiliwatoa katika nusu fainali ya mashindano hayo kwa 70-67, ilhali hawakuwa na mchezaji hata mmoja wa kulinganishwa na Flagg. Je, kocha anayetaka ubingwa atafute kwanza vipaji, fedha, au kitu kingine?

Kapu_la_Ohio

Mkuu, nilipokuwa nasoma huku Ohio nilihudumia timu ya chuo kidogo kwa misimu miwili. Kazi yangu ilikuwa kufuta jasho sakafuni, kujaza maji kwenye chupa na kuhesabu ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kapu, mazoezini. Kocha wetu alikuwa na kawaida ya kufunika ringi kwa kifuniko cha plastiki ili mpira usiingie kabisa, kisha wachezaji sita wakaugombea kwa viwiko na migongo mpaka filimbi ilie, na aliyeshindwa alikimbia uwanja mzima mara mbili. Vijana wapya ndio waliokimbia sana. Haikuwa kwa uvivu: kijana aliyekuwa mrefu kuliko wote huko sekondari hajawahi kulazimika kumzuia mtu kwa mgongo kabla ya kuruka, kwa hiyo anautazama mpira hewani huku mwenzake akiwa ameshatafuta mahali pa kusimama.

Sasa irudie mechi uliyoitaja. Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, ana urefu unaozidi mita mbili na sentimita kumi, lakini usiku ule hakupata ribaundi hata moja. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Duke wakiongoza kwa pointi moja, Tyrese Proctor wa Duke alikosa mtupo huru, yaani ule unaotolewa baada ya faulo bila mtu kukaba. J'Wan Roberts wa Houston akajiweka mbele ya Flagg, na Flagg alipojaribu kuufikia mpira juu ya mgongo wake, mwamuzi akapuliza filimbi ya faulo. Roberts akaenda kwenye mstari, akafunga mitupo huru yote miwili, na Houston wakawa mbele. Roberts alikuwa katika msimu wake wa sita chuoni. Kwa maoni yangu jibu la swali lako limo ndani ya tukio hilo moja.

Ukuta_wa_Nyuma

Nakubaliana na ndugu yangu wa Ohio kwa sehemu tu. Kentucky walitwaa ubingwa mwaka 2012 wakiongozwa na Anthony Davis na Michael Kidd-Gilchrist, wote wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba vijana hawashindi. Lakini itazame fainali yenyewe dhidi ya Kansas. Davis alifunga pointi sita tu, akadaka ribaundi 16 na kuzuia mitupo sita, na bado akatajwa mchezaji bora wa Fainali Nne, hatua ya timu nne za mwisho. Aliyefunga pointi nyingi zaidi kwa Kentucky, 22, ni Doron Lamb wa mwaka wa pili. Kipaji kilichokubali kufanya kazi isiyopigiwa makofi ndicho kilicholeta kombe. Kocha anapomsajili nyota, swali la kumuuliza ni kama yuko tayari kumaliza fainali na pointi sita.

Binti_Kisauni

Kaka zangu, mnazungumza kana kwamba fedha hazimo. Tangu Julai 2021 wanachuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwaka huohuo sheria ya kumkalisha benchi msimu mzima mchezaji aliyehama chuo kwa mara ya kwanza ililegezwa. Hivyo ule ukomavu mnaousifu siku hizi hununuliwa. Florida, mabingwa wa 2025, walimchukua Walter Clayton Jr. kutoka Iona, Alijah Martin kutoka Florida Atlantic, na Will Richard kutoka Belmont, vyuo ambavyo mtazamaji wa kawaida asingevifikiria.

Ila lazima nikiri kwamba fedha hazielezi mpira wa mwisho wa fainali yao dhidi ya Houston. Florida wakiongoza 65-63, Emanuel Sharp wa Houston aliruka kutupa pointi tatu, Clayton akamfikia upesi mno, na Sharp, akihofia kuzuiwa, akauachia mpira udunde sakafuni. Hakuweza kuugusa tena bila kuhesabiwa kosa la hatua (kutembea na mpira), na muda ukaisha hapo. Clayton hakuwa amefunga hata pointi moja katika kipindi cha kwanza, lakini hakuacha kukaba.

Mtazamaji_wa_Kinondoni

Ahsanteni sana, hasa wewe dada kwa kutoificha habari ya fedha. Maelezo yenu yamenikumbusha kwamba Thabeet alipofika Connecticut alikuta timu imejaa vijana wa mwaka wa kwanza kama yeye, na msimu ule wa 2006-07 walishinda mechi 17, wakapoteza 14, wala hawakuitwa kwenye mashindano ya Machi. Nilikasirika nikadhani kocha amefilisika kimawazo. Mwaka 2009 Thabeet, akiwa wa mwaka wa tatu, pamoja na baadhi ya walewale niliowalaumu, walifika Fainali Nne.