Kichwa cha tani 30 kinashindwa na mabehewa asubuhi: nibadilishe injini?

Relini_Kisumu
Wandugu, tuna kichwa kidogo cha treni cha dizeli: tani 30, ekseli 2 zote zinaendeshwa, nguvu farasi 300. Kinapeleka mahindi kutoka yadi hadi kinuni. Behewa na mzigo wake ni tani 50, na reli inapanda mita 1 kila mita 100. Mchana 8 yanapanda. Asubuhi hata 6 hayasongi, magurudumu yanazunguka papo hapo. Tumepewa bei ya injini ya nguvu farasi 450. Itasaidia?

FundiNakuru
Usinunue. Gurudumu likizunguka bure, injini imeshamaliza kazi yake. Kilichokosekana ni mshiko. Reli kavu hushika takriban robo ya uzito wa kichwa, kwako tani 7.5. Reli yenye unyevu hushuka hadi 0.15, yaani tani 4.5. Kung'oa mzigo, yaani kuuanzisha kusonga, kunataka mvuto wa kama kilo 5 kwa kila tani, na mwinuko wako unaongeza 10, jumla 15. Gawa mshiko (kilo 7,500 au 4,500) kwa 15, kisha toa uzito wa kichwa: pakavu tani 470, mabehewa 9, penye unyevu 270, mabehewa 5. Injini kubwa itakuongezea mwendo tu.

Unaweza kuongeza vyuma vya uzito, lakini tayari kila ekseli ina tani 15. Kagua reli na mataruma kwanza.

MchangaMkavu
Umande ni mbaya kuliko mvua kubwa, kwa sababu mvua huosha reli. Hapo kinuni vumbi la unga likilowa linakuwa uji juu ya reli, kwa hivyo fagia kabla ya zamu. Kisha mwaga mchanga kwenye reli kwa bomba ili magurudumu yashike. Mchanga huo uchekechwe na ukaushwe kabisa. Ukiwa na unyevu unaganda kwenye mdomo wa bomba. Elekeza bomba pale gurudumu linapogusa reli, si pembeni. Magurudumu yakianza kuteleza, punguza moto wa injini kwanza ndipo umwage mchanga. Ukimwaga yakiwa yanazunguka kasi, yanashika ghafla na shafti inaweza kukatika.

FundiNakuru
Na kabla ya kung'oa, rudi nyuma kidogo ili koplingi (viungo vya mabehewa) zilegee, mabehewa yaondoke moja moja. Hakikisha hakuna breki ya mkono iliyosahaulika.

Relini_Kisumu
Asante sana. Mabehewa 10 yenye mzigo yakirudi yadini, breki ya kichwa pekee inatosha?

FundiNakuru
Hapana! Tani 530 kwenye mteremko huo zinakusukuma kwa tani 5.3. Penye unyevu breki yako inashika 4.5, na msuguano wa mabehewa unasaidia kama 1.6. Kinachobaki cha kusimamisha treni nzima hakifiki tani 1. Unganisha breki za mabehewa yote, uzijaribu kabla ya kuteremka.