Kidonda cha moto kimefunga lakini vidole vya mtoto vinazidi kujikunja, naombeni msaada

MamaK_Uyole
Habari za jioni wapendwa. Niko Uyole hapa Mbeya. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, mwezi wa sita ile baridi kali tuliingiza jiko la mkaa ndani ili chumba kipate joto, akajikwaa akalishika ukingoni na kiganja cha kulia, ile sehemu yenyewe ya moto. Tulikuwa tunaenda kusafisha kidonda zahanati, kilikuja kufunga kama wiki ya tano hivi, nesi akasema kimepona nisirudi tena. Nikashukuru Mungu nikatoa bendeji.

Sasa ni miezi miwili toka kifunge na kidole cha kati na cha pete vinainama kuja kiganjani, kila wiki naona vimeinama zaidi. Nikimwambia aweke mkono juu ya meza haulali, panabaki uwazi chini yake, juzi nilipitisha kiberiti kikapita. Katikati ya kiganja kuna kama mkanda umenyanyuka, mwekundu, ukiugusa mgumu kama kamba ya katani. Kikombe anakishika kwa mikono miwili wakati zamani alikuwa anashika na mmoja tu.

Swali langu, kama kidonda kimefunga kovu linavuta nini tena? Jirani anasema nisubiri akikua ngozi itajinyoosha yenyewe. Mama mkwe anasema niwe navinyoosha kwa nguvu asubuhi na jioni, nilijaribu mara moja mtoto akalia mpaka akatapika, sijarudia.

Fizio_NyandaZaJuu
Pole sana mama, na mtoto pole. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), makovu ya moto ya watoto nayaona sana hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, wengi ni jiko au maji ya moto.

Kwanza usisubiri. Akikua mfupa utarefuka ila kovu halirefuki kwa kasi hiyo, kwahiyo kukua ndo kutazidisha kujikunja.

Kuhusu kovu kuvuta. Kidonda kirefu mwili haukijazi nyama tu, unavuta na kingo zake zisogeleane. Ile nyama nyekundu laini uliyokuwa unaiona chini ya bendeji ilijaa seli zinazoitwa myofibroblasti, Giulio Gabbiani na wenzake walizieleza mwaka 1971. Ni seli za kutengeneza kovu ila ndani zina nyuzi za kukaza kama za msuli, zinashika kolajeni (nyuzi ngumu zinazojenga ngozi na kovu) inayozizunguka zinavuta, zinatandika kolajeni mpya pale pale ili kilichovutwa kisirudi, alafu zinavuta tena. Kidonda kidogo kikifunga nyingi zinakufa kazi inaishia hapo. Kidonda cha kuungua kilichopita wiki tatu bila kufunga zinabaki nyingi, na zinaendelea kuvuta miezi kadhaa chini ya ngozi ambayo wewe unaiona imeshapona. Kovu linakomaa baada ya mwaka hivi, mengine mwaka na nusu. Sasa hivi lake bado ni bichi, wekundu na ugumu ule ndo unaonyesha hivyo, na kovu bichi bado linasikia.

Nesi alikuwa sahihi kwamba kidonda kimefunga, ila kufunga na kupona ni vitu viwili, mtoto angetakiwa aanze fiziotherapia na splinti (kifaa kigumu cha kushikilia mkono ukiwa umenyooka) toka wiki zile. Mtoto mwenye maumivu anakunja ngumi kwasababu ndo anapata nafuu, na kovu linajengeka kwenye mkao huo huo. Mkao wa raha ndo mkao wa kulemaa, kila mzazi namwambia.

Nenda hospitali ya rufaa wiki hii hii, uliza fiziotherapia. Watamtengenezea splinti ya kunyoosha vidole na kuvitanua, ya kuvaa usiku na muda mwingine watakaokuelekeza, na kila baada ya muda inarekebishwa kadri mkono unavyofunguka. Nyumbani paka mafuta ya mgando, kovu la kuungua kwa kina halina vitezi vya mafuta kwahiyo linakauka na kupasuka. Chua kwa kidole gumba, duara ndogo ndogo, mgandamizo mpaka kovu libadilike rangi kidogo. Alafu nyoosha kidole pole pole mpaka mkanda ukaze, shikilia hapo huku unamsimulia hadithi, usisukume zaidi. Ile ya kwa nguvu usirudie kabisa, kovu likichanika ni kidonda kipya, na kidonda kipya kinaleta zile seli upya.

Mkulima_Makambako
Kamwene dada. Mimi nimesoma hii nikashika kiwiko changu. Niliungua na maji ya kande nikiwa na miaka tisa, kwa ndani ya kiwiko, pale nilipotibiwa wakanifunga mkono umekunjwa kwenye kombeo mpaka kidonda kikafunga, hakuna aliyesema neno kuhusu kunyoosha. Nilipotolewa kombeo mkono ulikuwa haushuki, ngozi imetengeneza kama utando wa mguu wa bata kati ya mkono wa juu na wa chini. Jembe nilikuwa nalima na mkono mmoja huu mwingine unasindikiza. Darasani niliulizwa kwanini napunga mkono wakati sijanyoosha kidole.

Nilifanyiwa upasuaji nikiwa na kumi na sita, wakakata kovu wakafungua, pengo lilobaki wakapandikiza ngozi waliyotoa kwenye kinena. Mkono ulifunguka ila haujanyooka wote mpaka leo, daktari alisema kiungo chenyewe na mishipa vilikuwa vimeshazoea kukunjika miaka yote ile. Ningepata mtu wa kunifunga mkono ukiwa umenyooka miezi ile ya mwanzo nisingefika huko. Kwahiyo dada wewe miezi miwili bado uko mapema sana, panda daladala kesho.

Binti_wa_Tukuyu
Naongezea kitu kwa wengine wanaosoma. Mtu akiungua ni maji ya kawaida ya bomba yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya meno, sio jivu, sio unga. Yanasaidia moto usiendelee kuingia chini, na kina cha kidonda ndo kinaamua kovu litakuwaje.

Dokta swali, hilo la mtoto sio keloidi? Kwetu wengi wanaota.

Fizio_NyandaZaJuu
Keloidi inavuka mpaka wa kidonda inaingia kwenye ngozi ya pembeni ambayo haikuumia. Lake alivyoeleza limenyanyuka lakini liko ndani ya mpaka wake, hilo ni kovu nene la kawaida la kuungua, lina tabia ya kupungua lenyewe likikomaa. Ila kabla halijapungua linaweza kuwa limeshakunja kidole, ndo maana nasema kuhusu splinti. Upasuaji kwa mtoto huyu uko mbali, ila kama miezi ikipita vidole havifunguki usiogope ukitajiwa, kwa watoto haisubiriwi mpaka kiungo kiharibike.

MamaK_Uyole
Ndaga fijo wote. Tulienda jumatano. Dada wa pale alipima kila kidole na kipimo kama rula ya duara akaandika namba kwenye kadi, alafu akalainisha kipande cha plastiki kwenye maji ya moto akakilaza kiganjani juu ya kitambaa, akakishika mpaka kikapoa kikabaki na umbo la mkono wa mwanangu. Kimefungwa na mikanda mitatu. Shida ni moja, saa nane usiku naamka nakuta amevua ameitupa.

Fizio_NyandaZaJuu
Vuta soksi ndefu ya mtu mzima juu ya splinti mpaka kwenye kiwiko, alafu mvalishe sweta juu yake. Usiku wa tatu au wa nne huwa wanazoea. Asubuhi ukivua angalia kiganja na mgongo wa mkono, alama nyekundu ikidumu zaidi ya nusu saa rudi wairekebishe kabla hajavaa tena.

MamaK_Uyole
Soksi za baba yake zipo, naanza leo.