Kwa nini albamu zangu za hevi metali zinasikika vibaya tangu ninunue spika nzuri?

Mkazi wa Tabata (mtoa mada)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaomba mawazo yenu katika jambo ambalo limeninyima raha kwa miezi miwili sasa. Mimi ni mpenzi wa hevi metali tangu nikiwa kidato cha pili, enzi za kanda zilizonakiliwa mara nyingi mpaka matoazi yakasikika kama mvua juu ya bati. Baada ya kudunduliza kwa muda mrefu nimenunua amplifaya ya Kijapani ya mtumba, yenye wati 60 kila upande, ambayo naiendesha kwa transfoma ya kushusha umeme kwa kuwa iliundwa kwa volti 100, pamoja na spika mbili ndefu za kusimama sakafuni.

Nikiweka taarabu au rumba, nahisi kama mpiga gitaa amekaribishwa sebuleni na kupewa kiti. Nikiweka metali, ambayo ndiyo iliyonifanya nitumie fedha zote hizo, besi inavuma kama lori lililoegeshwa huku injini inaunguruma, magitaa mawili yanakuwa ukuta mmoja, na baada ya dakika ishirini masikio yamechoka. Redio yangu ya zamani yenye sabufa, ambayo nilikwisha kumpa shemeji yangu, ilinipa furaha zaidi. Aliyeniuzia spika ameniambia kwamba vyombo vya namna hii havikutengenezwa kwa ajili ya muziki wa fujo.

Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6. Sakafu ni ya vigae, kuta ni za tofali zilizopigwa plasta, na dirisha lina pazia jepesi tu. Spika nimezisukuma kwenye kona mbili za ukuta wa luninga, na sofa imeegemea ukuta wa pili unaotazamana nao. Ninasikiliza zaidi Metallica, Slayer na Black Sabbath, nyingine kupitia simu na nyingine kwa CD. Je, kosa ni la spika, ni la amplifaya, au ni kweli kwamba muziki wenyewe haufai?

Fundi Mstaafu

Ndugu mtoa mada, huyo muuzaji amekukosea adabu wewe na muziki wako pia. Nimefanya kazi studio kwa miaka mingi, ingawa zaidi ni kwaya na bendi za dansi, na ninachoweza kukuambia ni kwamba katika muziki huu mikwaruzo ina wenyewe watatu. Mkwaruzo wa gitaa ni mali ya msanii, ambaye ameutafuta kwa makusudi na bila huo hakuna metali. Mkwaruzo wa pili ni wa fundi aliyemalizia albamu kwa kuibana sauti, yaani kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, mpaka ikakosa pumzi. Wa tatu ni wa nyumbani kwako. Redio ya sabufa huikoroga yote mitatu ikawa uji mmoja, na uji hauna mfupa wa kukukwama. Vyombo vizuri huitenganisha, na hapo ndipo mtu anapoanza kusikia makosa ya wengine.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic. Sauti yake ilipandishwa mno, vilele vya mawimbi vikakatwa, hasa vile vya mapigo ya ngoma, na kilele kikishakatwa hakuna spika duniani itakayokirudisha, hata ukiuza kiwanja kuinunua. Wasikilizaji waligundua jambo hilo kwa sababu nyimbo zilezile zilitolewa pia kwa ajili ya mchezo wa video wa Guitar Hero, na humo hazikubanwa kiasi kile; maelfu wakatia saini ombi la kutaka albamu itengenezwe upya. Ted Jensen, aliyeifanyia kazi ya masta, yaani kuimalizia sauti kabla haijatolewa, alieleza kwamba nyimbo zilimfikia mezani zikiwa tayari zimebanwa. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba mtayarishaji wake, Rick Rubin, ndiye yuleyule aliyesimamia Reign in Blood ya Slayer mwaka 1986, albamu ya dakika 29 hivi, kavu, isiyobandikwa mwangwi, ambayo hata katika kasi ile ya kutisha kila pigo la ngoma lina nafasi yake.

Kuna kosa jingine la aina tofauti kabisa. Katika ...And Justice for All ya Metallica ya mwaka 1988, gitaa la besi la Jason Newsted lilishushwa mpaka karibu halisikiki. Nakuonya mapema kwa sababu wengi wameharibu fedha hapo: ukikoleza besi ya amplifaya kumtafuta Newsted, utakachokuza ni ngoma ya mguu na sehemu ya chini ya magitaa, naye utamkosa vilevile.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomeka hedifoni kwenye amplifaya hiyohiyo, usikilize wimbo unaokuudhi. Ikiwa kero ipo pia ndani ya hedifoni, ni ya albamu, nawe huna la kufanya isipokuwa kutafuta toleo jingine. CD za miaka ya 1980 mara nyingi zina nafuu kuliko matoleo yaliyofanyiwa masta upya baadaye. Ikiwa kero imetoweka, mtuhumiwa ni chumba au spika. Na ikiwa inajitokeza kwenye spika unapopandisha sauti sana tu, basi amplifaya inaombwa nguvu isiyokuwa nayo.

Mwalimu wa Fizikia, Moshi

Ninaunga mkono jaribio la hedifoni, lakini kwa vipimo alivyovitaja mtoa mada mimi ningeanza na chumba, kwa sababu hesabu yake imeniruka machoni mara tu nilipoisoma.

Katika nyuzijoto 25 sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8.4, nawe utapata hezi 41.2. Huo ndio mtetemo wa kwanza ambao chumba hicho hupenda kuukuza kati ya kuta zake mbili za mwisho. Sasa, uzi mnene wa gitaa la besi la kawaida, ukikazwa kwa noti ya E kama ilivyo desturi, hutetema mara 41.2 kwa sekunde. Chumba chako, ndugu yangu, kimekazwa noti moja na gitaa la besi!

Mtetemo huo hujaa karibu na kuta zote mbili na hufifia katikati ya chumba. Wewe umeweka spika kwenye ukuta mmoja, tena konani, na kichwa chako umekiegemeza kwenye ukuta wa pili, kwa hiyo unaupalilia pale unapostawi na kuusikiliza pale unapostawi. Hilo pia linajibu kwa nini rumba haikusumbui. Gitaa la besi la rumba hutembea: hugusa noti hii, huruka ile, hunyamaza kidogo, na chumba hakipati muda wa kupata moto. Katika metali, mpigaji hurudi kwenye uzi ule ulio wazi tena na tena, kwa dakika tano mfululizo, na magitaa mengine mawili yakiwa yamesimama noti hiyohiyo juu yake, kwenye hezi 82.4.

Una kipimo cha kuthibitisha maneno yangu bila kununua kitu. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani huko Birmingham, na baadaye akawa analegeza nyuzi zake ili asiumie. Katika nyimbo kadhaa za Master of Reality ya mwaka 1971 nyuzi zimelegezwa kwa nusu toni tatu, na gitaa la besi limeshuka pamoja nazo hadi karibu hezi 34.6. Ikiwa mvumo unapungua ukisikiliza nyimbo hizo na unarudi ukiweka Metallica ya miaka ya 1980, mkosaji umemshika mkono.

Tiba haina gharama kubwa. Sogeza sofa mbele, hata sentimita 80, ukiangalia isifike katikati kabisa, kwa maana huko besi itatoweka na utaanza kulalamika kinyume chake. Zitoe spika konani na uziache angalau sentimita 50 kutoka ukutani. Kwa ukali wa juu, unaotokana na vigae na plasta tupu, tandika zulia nene kati yako na spika, na uweke pazia zito. Ukutani, mahali ambapo msaidizi wako akisogeza kioo wewe uliyekaa sofani unaiona spika, simamisha godoro la sponji kwa siku moja ya majaribio. Trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani achana nazo; kwa besi hazifanyi lolote, na mende huzipenda.

Msikilizaji wa Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Hoja za wakubwa walionitangulia nazikubali, isipokuwa nina pingamizi moja dogo kwa Fundi Mstaafu. Mgawanyo wake wa mikwaruzo mitatu ni mzuri kwa albamu za zamani, lakini kuna wasanii ambao wameufuta makusudi mpaka kati ya ule wa kwanza na ule wa pili. Chukua Duma, bendi ya watu wawili wa hapa kwetu Nairobi, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala. Jina lao halihusiani na mnyama mwenye mbio. Wamelitoa kwenye Kikikuyu, kwa maana ya giza. Ngoma zao ni za mashine, zinakimbia kuliko mguu wa binadamu, sauti imechanwachanwa, na ukiipima kwa rula ya studio utasema kila kitu kimeharibika. Mimi niliisikiliza kwanza kwa simu nikaiacha. Niliporudi kuisikiliza kwa spika nzuri, niligundua kwamba chini ya ule mchafuko mna tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka limewekwa na mtu aliyejua anachokifanya. Hata Death Magnetic bado naisikiliza, kwa sauti ya chini kidogo, na sioni haya.

Nikiongeza la matumizi: sikio letu huzisahau sauti nene pale muziki unapochezwa kwa sauti ya chini, jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilionyesha tangu mwaka 1933. Usiku, jirani anapolala, amplifaya ya Kijapani ya zamani huenda ina kitufe kilichoandikwa "loudness", kibonyeze. Mchana, unapopandisha sauti, kitoe, maana ukikisahau utaongeza besi juu ya besi na mwalimu ataanza hesabu upya.

Mama Wawili

Mimi si mtaalamu, ila mume wangu alikwisha kuunguza twita mbili, yaani vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, kwa muziki huuhuu, kwa hiyo nasema nikijua. Metali iliyobanwa haina mapumziko; koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, hupata joto wimbo mzima, na amplifaya ikifikishwa mwisho huanza kukata mawimbi yenyewe, kisha twita ndizo zinazolipa. Wati 60 zinatosha sana kwa sebule ya mita nne, mradi usizungushe kitufe hadi mwisho. Masikio nayo hayana spea. Kipimo kinachotumika katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda hupungua nusu, yaani kwenye desibeli 94 unabaki na saa moja tu. Programu ya simu ya kupimia sauti itakupa makadirio, hata kama si sahihi kabisa.

Mkazi wa Tabata (mtoa mada)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku tisa. Nashukuru kila mmoja.

Jumamosi nilianza na hedifoni kama nilivyoelekezwa. Mvumo haukuwemo kabisa, lakini ule uchovu wa masikio kwenye Death Magnetic ulikuwemo uleule, kwa hiyo Fundi na Mwalimu kila mmoja ameshinda nusu. Kisha nikaweka Master of Reality. Sikuamini: lori halikuwapo. Nikarudi kwenye Metallica ya mwaka 1986, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha vikombe vikaanza kulia kabatini.

Sofa imesogea mbele sentimita 75, ikawa imebaki njia nyembamba nyuma yake ambayo watoto wameigeuza barabara. Spika nimezitoa konani. Jumapili mchana nikaweka Reign in Blood, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba magitaa ni mawili kweli, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakipokezana zamu za kupiga peke yao, wakati miaka yote nilidhani ni mtu mmoja mwenye hasira. Niliisikiliza yote mara mbili, kisha nikakumbuka onyo la Mama Wawili nikazima.

Amplifaya inacho kitufe cha "loudness", na kilikuwa kimebonyezwa tangu siku niliyoinunua. Ndugu wa Nairobi, nilicheka peke yangu.

Bado kuna ukali kidogo kwenye matoazi, nami nadhani ni vigae. Godoro la majaribio lilisaidia ila lilizua mjadala nyumbani, kwa kuwa mgeni alifika likiwa limesimama ukutani. Tumekubaliana kununua zulia na mapazia mwisho wa mwezi, kwa sharti kwamba mapazia yatakuwa ya rangi ya maziwa, wala si meusi kama nilivyopendekeza.