Mteja akiona nyekundu anadhani chuma kitakatika

Wakuu, nina uigaji wa kompyuta wa kishikio cha chuma cha S275 (huanza kuharibika umbo kwa kudumu mkazo ukifika takriban 275 MPa), mzigo 20 kN. Mkazo kwenye kona ya ndani ni 410 MPa, kwingine haupiti 160. Namwonyeshaje mteja asiye mhandisi?

Jibu 1: Kona ina radiasi (imeviringwa kidogo)? Kama ni kali kabisa, hiyo 410 haina maana. Ukipunguza kwa nusu ukubwa wa elementi (vipande vidogo ambavyo programu hugawia umbo), itazidi kupanda. Chora radiasi halisi, kisha rudia meshi (mtandao wa elementi) kwa elementi ndogo zaidi mpaka tofauti ya mkazo kati ya meshi moja na inayofuata ishuke chini ya asilimia 5. Usiikate kona kwenye picha, timu ya usanifu itaiulizia tu.

Jibu 2: Programu hujipangia rangi yenyewe: kilele kikiwa 30 MPa, bado kitakuwa chekundu. Funga skeli 0 hadi 275, ileile kwa miundo yote mnayolinganisha. Andika pia mnepo (kupinda kwa chuma) umekuzwa mara ngapi kwenye picha. Milimita 1.2 ikikuzwa mara 50, mteja anaona chuma kilichokunjika.

Jibu 3: Slaidi ya kwanza iwe jibu: kinabeba au hakibebi, na akiba kiasi gani. 275 kwa 160 ni 1.7, ila usiitaje kabla kona haijatatuliwa. Jumla ya nguvu za mwitikio kwenye viegemeo (sehemu kishikio kinaposhikiliwa) isipofika 20 kN, uigaji una kosa, kikao kiahirishwe.